Barua zenu: Kiwolof ni mali ya nani?

Toleo lililopita nilisimulia miaka tisa niliyoishi Dakar, tangu 2005 hadi 2014, nikifanya kazi ya ukalimani kabla ya kurudi nyumbani Songea kufundisha Kifaransa. Niliandika kwamba Kiwolof kimewafanyia Wasenegali kile ambacho Kiswahili kimetufanyia sisi: kimewakutanisha watu sokoni bila mtu kumuuliza mwenzake katoka kabila gani. Sentensi hiyo moja imeniletea barua kuliko makala yote mengine niliyoandika hapa. Nimechagua tano. Baada ya kuzisoma nakiri kwamba niliyosema yalikuwa kweli nusu, na nusu iliyobaki nitajitahidi kuisema leo.

*Shikamoo Mwalimu. Umesema Dakar kila mtu anaongea Kiwolof, kuanzia dereva wa basi hadi waziri. Mbona basi katiba yao inasema lugha rasmi ni Kifaransa? Si wangekitangaza tu Kiwolof, kama Mwalimu Nyerere alivyofanya na Kiswahili, yakaisha? — Msomaji, Tabora*

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hesabu. Senegal ina watu takribani milioni 18. Waliozaliwa Wawolof ni kama wanne katika kila kumi. Wanaokiongea Kiwolof ni zaidi ya wanane katika kila kumi. Swali lako limekaa kwa hao wanne wa katikati: Wahaalpulaar wa bonde la mto Senegal, Waserer wa Sine, Wajola na Wamandinka wa kusini, Wasoninke wa mashariki. Ukiwakuta Dakar watapatana nawe bei kwa Kiwolof, na wakikasirika watakufokea kwa Kiwolof. Lakini mwambie mmoja wao kwamba kesho Kiwolof kitaandikwa kwenye katiba kuwa ndiyo lugha ya nchi, uone uso unavyobadilika. Nilimuuliza hivyo mwenzangu wa kazini, Mhaalpulaar wa Podor. Akanijibu, "Nikiongea Kifaransa, hakuna anayeniambia nimekuwa Mfaransa."

Jibu hilo sijalisahau mpaka leo, kwa sababu hapo ndipo njia yetu na yao zinapoachana. Kiswahili kilipanda bara na misafara, kikaingia shule za Wajerumani, kikabebwa na TANU. Msukuma na Mchaga walikipokea wote kama kitu kilichotoka pwani. Hakukuwa na kabila kubwa la bara lililoweza kusimama likasema hiki ni chetu, kuanzia leo mtatawaliwa kwacho. Kiwolof kimebeba jina la watu walio wengi kuliko wengine wote nchini, tena watu walioshika biashara ya karanga, na miji iliyokua kandokando ya reli ya Dakar na Saint-Louis iliyofunguliwa 1885. Mbele yake Kifaransa kikaonekana kama refa asiye na timu. Mimi naona ni refa mbaya, maana anawatoa nje watoto wengi kabla hawajagusa mpira, lakini naelewa kwa nini wamemwacha uwanjani.

Na msidhani serikali ilikaa tu. Mwaka 1971 lilitoka tangazo la kuweka tahajia ya lugha sita: Kiwolof, Kipulaar, Kiserer, Kijola, Kimandinka na Kisoninke. Katiba ya 2001 ikazitaja zote kuwa lugha za taifa na kuacha mlango wazi kwa nyingine yoyote itakayowekewa tahajia. Ila kuandika lugha kule ni siasa, hata herufi moja ni siasa. Mwaka 1977 Ousmane Sembène alitengeneza filamu aliyoiita Ceddo, kwa d mbili. Rais Léopold Sédar Senghor, Mserer wa Joal na mwalimu wa sarufi tangu ujana wake, akasema sheria ya tahajia inataka d moja. Sembène akakataa kuifuta. Filamu ikapigwa marufuku nyumbani. Wengi waliona herufi ni kisingizio, kwa kuwa hadithi yenyewe inagusa namna Uislamu ulivyoingizwa kwa nguvu, na Senghor, Mkatoliki anayeongoza nchi ya Waislamu, alitegemea sana urafiki wa masheikh. Miaka hiyohiyo mwanahistoria Cheikh Anta Diop naye alikuwa na gazeti lililoitwa Siggi, yaani inua kichwa. Senghor akamwambia ni g moja. Diop hakukubali kumpunguzia g, akalibadilisha jina kabisa kuwa Taxaw, yaani simama.

Sasa tazama siasa zenyewe. Katiba inakataza chama kujinasibisha na kabila, dini, eneo au lugha. Inataka pia mgombea urais ajue kusoma, kuandika na kuongea Kifaransa kwa ufasaha. Lakini hakuna anayeshinda kwa Kifaransa. Abdoulaye Wade aliingia ikulu mwaka 2000 kwa neno moja la Kiwolof, *sopi*, mabadiliko. Na Machi 2024 vijana walimpitisha Bassirou Diomaye Faye katika duru ya kwanza, kwa asilimia 54, wakiimba *Diomaye mooy Sonko*, Diomaye ndiye Sonko, kwa sababu Ousmane Sonko mwenyewe, kiongozi wa upinzani wakati huo, alikuwa amezuiwa kugombea. Yapime maneno hayo matatu: jina la Mserer, kitenzi cha Kiwolof, na jina la ukoo la kusini. Hiyo ndiyo Senegal ninayoijua. Kiwolof kinakaa katikati na kuunganisha, na wa pembeni wanabaki na majina yao.

*Assalaam aleikum Bi Mwalimu. Nimesikitika kusoma kwako kwamba Kiswahili hakina kabila. Sisi huku Mji wa Kale tuna mitaa, tuna lahaja, tuna tenzi za mababu na makaburi yao. Mwasema hakina wenyewe kwa sababu mwakitumia bila kutuona. Nauliza: huko Senegal je, mtu akiongea Kiwolof huwa Mwolof? — Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Una haki, na naomba radhi. Nilipoandika vile niliandika kama mtu wa bara aliyepewa lugha shuleni, bila kumkumbuka aliyeirithi kwa mama yake. Kiswahili kina wenyewe. Kilichotusaidia sisi wa bara ni kwamba wenyewe hawakuwa wakigombea nasi dola, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu swali lako: ndiyo, na hapana, inategemea unamuuliza nani. Mserer akipoteza Kiserer bado ni Mserer, jina lake la ukoo linamlinda. Akiitwa Faye, Sarr, Diouf au Ngom, hata kama amezaliwa Dakar na hajui neno moja la bibi yake, watu watamjua ni wa wapi. Kwa Mhaalpulaar hali ni ngumu zaidi. Neno lenyewe Haalpulaar maana yake ni "asemaye Kipulaar". *Haal* ni kusema. Lugha ikimtoka mdomoni, jina nalo limemtoka. Ndiyo maana wao ndio waliosimama kwa nguvu zaidi, kwa madarasa ya jioni ya kusoma Kipulaar, kwa vipindi vya redio, na kwa wazazi wanaomnyamazisha mtoto mezani hadi aombe chumvi kwa lugha ya nyumbani. Wewe uliyeirithi lugha yako kwa mababu utawaelewa hawa kuliko mimi.

Nami nilianza kuwaelewa mwaka 2009, nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja pale Dakar. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja kutoka Fouta, nchi ya Wahaalpulaar kaskazini, amejifunika kitambaa cha buluu iliyokoza hadi inang'aa, miguu ina vumbi la safari. Amekuja na mjukuu, mvulana wa kama miaka saba. Nesi akamuuliza kwa Kiwolof anaumwa wapi. Bibi akatabasamu. Nesi akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio. Kisha akajaribu Kifaransa. Bibi akamtazama mjukuu wake, kisha akatazama chini. Basi yule mtoto, aliyejifunzia Kiwolof mtaani kwa watoto wenzake, ndiye aliyesimama katikati ya chumba akatafsiri damu ya bibi yake mbele ya watu wote tuliokaa pale. Bibi alikuwa akisema maneno mawili matatu, ananyamaza, anavuta kitambaa usoni. Mtoto alitafsiri vizuri. Ilikuwa kazi yangu hiyo, mkalimani wa kulipwa, na sikuwa na neno la Kipulaar la kumsaidia.

Nilimkumbuka bibi yangu mimi, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Sijui alieleza vipi maradhi yake dirishani kwa daktari kabla sisi wajukuu hatujafika umri wa kumsindikiza.

Kitu kimoja kitakufurahisha, wewe mtu wa tenzi. Wamuridi, wafuasi wa Sheikh Ahmadou Bamba ambaye Wafaransa walimfukuzia Gabon mwaka 1895, wana hazina ya mashairi ya Kiwolof yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wanayaita *wolofal*. Nilipoyaona mara ya kwanza kwenye duka la vitabu nilidhani nimefika Lamu. Kwa hiyo msomi akikwambia Kiwolof kimeanza kuandikwa kwa tangazo la 1971, mwambie akatembee Touba, mji mtakatifu wa Wamuridi.

*Mama Mwalimu, jambo sana. Kwetu Kongo lugha za taifa ni nne na Kifaransa kinakaa juu yao zote, kwa hiyo Senegal naielewa. Lakini unasema kuna amani. Na vita ya Casamance? Haikuwa vita ya kabila? — Msomaji, Bukavu*

Jambo sana, mwanangu. Ni swali ambalo sikupaswa kuliruka.

Casamance ni eneo la kusini, limekatwa na nchi ya Gambia iliyojinyoosha kufuata mto wake. Mji mkuu wake, Ziguinchor, ulikuwa wa Wareno mpaka 1886. Hadi leo watu wa kule wakipanda gari kwenda Dakar utawasikia wakisema "naenda Senegal". Tarehe 26 Desemba 1982 waliandamana Ziguinchor, wakashusha bendera ya taifa. Dola ikajibu kwa kukamata watu, na baadaye vita ya msituni ikaanza, ikiongozwa na MFDC, chama kilichodai Casamance ijitenge, na sauti ya padri Augustin Diamacoune Senghor. Watu wamekufa kwa maelfu, na mabomu ya ardhini yamezuia vijiji kulima mpunga wao.

Wengi wa wapiganaji walikuwa Wajola, hilo ni kweli. Lakini ukikaa na wazee wa kule, neno la kwanza si kabila, ni kiwanja. Wafanyakazi wa serikali walikuja kutoka kaskazini, wakashika ofisi, wakagawiana viwanja vya mji kwenye mashamba ya watu, na kila karatasi ilijadiliwa kwa Kiwolof na kupigwa muhuri kwa Kifaransa. Mwenye shamba alisikia lugha mbili siku anayopoteza ardhi, na hakuna kati yake iliyokuwa yake. Kwa hiyo lugha haikuanzisha vita, ila ilimwonyesha mtu kwa haraka nani anamnyang'anya. Nadhani wewe wa Kivu huhitaji nikueleze zaidi ya hapo.

Kisha ikaja meli ya Le Joola, iliyokuwa ikiunganisha Ziguinchor na Dakar. Ilizama usiku wa tarehe 26 Septemba 2002 ikiwa imepakia watu mara tatu ya uwezo wake. Walikufa 1,863. Sisi wa MV Bukoba tunajua meli iliyojaa inavyozama na mkoa mzima. Nilifika Dakar miaka mitatu baadaye, na katika mtaa wangu wa Grand Yoff, wenye wenyeji wengi wa Casamance, kulikuwa na nyumba ambazo mwezi wa tisa hazikuwasha redio.

Mapatano ya amani yalitiwa saini Desemba 2004, na mwaka 2019 likafunguliwa daraja la kuvuka mto Gambia, gari linapita bila kusubiri kivuko. Daraja hilo naliheshimu kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzikalimani.

*Mwalimu, nakwenda Dakar kwa mafunzo ya miezi mitatu. Kiingereza changu kitanitosha? — Msomaji, Arusha*

Hakitakutosha. Kifaransa kwa ofisini, Kiwolof kwa maisha. Ukiulizwa *nanga def?* jibu *mangi fi rekk*, maana yake nipo hapa tu, sawasawa na tunavyojibu sisi. Ahsante ni *jërëjëf*. Ukikutana na Mhaalpulaar mwambie *jam tan*, amani tu, na kwa Mjola mwambie *kasumay*. Usoni pake utaona nyumba imefunguliwa. Na jiandae kuulizwa *naka nga sant?*, jina lako la ukoo nani. Ukitaja la kwetu watalikosea, watakupa la kwao. Lipokee. Kwa nini ulipokee, soma barua inayofuata.

*Mtani wangu Mngoni, shikamoo sikupi, maana babu zako walikimbia wa kwetu. Nauliza: huko kwa hao Wawolof wako kuna utani kama wetu, au wanaishi wamenuna? — Mhehe, Iringa*

Mtani, waliokimbia unawajua, na mahari ya dada zako bado tunaidai. Umeuliza swali nililokuwa nikilisubiri.

Upo, tena wa kutosha. Kwa Kiwolof mtani anaitwa *kal*. Upo wa makabila, kama Mserer na Mhaalpulaar, au Mserer na Mjola, na upo wa koo, kama Ndiaye na Diop, ambao kila mmoja humshtaki mwenzake kwa ulafi wa wali. Waserer na Wajola wanasimulia dada wawili, Aguène na Diambogne, waliokuwa kwenye mtumbwi mmoja baharini. Mtumbwi ukapasuka katikati. Mmoja mawimbi yakampeleka kusini akawazaa Wajola, mwingine kaskazini akawazaa Waserer. Wakati wa vita wazee wa pande zote mbili waliitumia hadithi hiyo kuwakalisha watu pamoja. Haikuizuia vita, na sitaki kukudanganya kwamba utani unazuia risasi. Lakini ulibakiza mlango ambao mtu angeweza kurudia bila kuonekana ameshindwa.

Mama mwenye nyumba wangu pale Grand Yoff alikuwa Mserer wa ukoo wa Faye. Mwenye duka wa kona alikuwa Mhaalpulaar, Ba, kutoka Fouta. Wiki yangu ya kwanza nilimsikia mama akiingia dukani na kufoka, "We mtumwa wangu, nani kakuruhusu kukaa kwenye kiti?" Yule bwana akajibu bila kuinua macho, "Mserer umeshamaliza mchele wa watani wako wote, leo umekuja kumaliza wangu." Nilikaa katikati yao nikaanza kuwasihi kwa Kifaransa waache, kuna watoto. Wakanyamaza wote wawili. Mama akanishika mkono, akaniambia polepole, "Huyu ni kal wangu. Nikimsalimia vizuri ataogopa, atadhani kuna msiba." Jioni ileile akanipa ukoo wake, nikawa Faye. Kuanzia kesho yake asubuhi na mimi nikawa mtumwa wa mwenye duka, nikifika ananiuliza kama nimeshafagia.

Machi 2012 Macky Sall alimshinda Wade. Sall ni Mhaalpulaar, wazazi wake wa Fouta. Mwezi ule mitaani kulikuwa na maneno makali, wapo walioanza kuhesabu nani kateuliwa na jina lake la ukoo linatoka wapi, na mimi niliogopa kweli, kwa sababu kwenye ofisi niliyofanya kazi niliwaona watu wawili wakiacha kusalimiana. Siku ya matokeo Ba alifungua duka amevaa kanzu ya Idi. Mama akamfuata. Nikaenda nyuma yake.

"Mtumwa," akamwambia, "naona umevaa. Rais wenu kazaliwa wapi?"

"Fatick," akajibu, akijua kinachokuja.

"Fatick kwa nani?"

"Kwa Waserer."

"Basi kafunzwa adabu na sisi. Mmeazima mtoto kwetu, mtamrudisha akiwa safi."

Foleni nzima ya duka ilicheka, na Ba akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa ile kanzu. Aliposhika tena mizani alimwongezea mama kikombe cha mchele bila kukitoza. Sikuona ofisini kwetu mtu aliyeweza kusema jambo lile wiki ile. Hawakuwa na ruhusa. Mama alikuwa nayo, na alizaliwa nayo.

Mwaka 2014, kabla ya kuondoka, nilikwenda kulipa madeni yangu. Ba hakuwa amesoma shule ya Kifaransa, alisoma chuo cha Qurani, na daftari lake la madeni lilikuwa la Kipulaar kwa herufi za Kiarabu, mistari iliyonyooka kama ya mashine. Akanionyesha ukurasa wangu. Nikamuuliza ukurasa wa mama ni upi, nimlipie na yeye. Akageuza karatasi tatu, akaweka kidole juu. Nikamwomba asome jina.

"Hapa hakuna jina," akasema. "Nimeandika *maccuɗo am*. Mtumwa wangu. Na usimlipie. Akimaliza deni atakuja kufanya nini hapa?"